Moduli Inayolalamika na Moduli Iliyonyamaza: Kuchunguza Misimbo ya Mawasiliano katika Gari la Kisasa

Waheshimiwa waandaaji wa mkutano huu, walimu wa ufundi, mafundi wenzangu, na vijana mnaoingia katika kazi hii,

Nawashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie misimbo ya hitilafu inayoanza na herufi U, yaani ile inayohusu mazungumzo baina ya kompyuta zilizomo ndani ya gari, ambazo katika hotuba hii nitaziita moduli. Nina dai moja tu, nalo nitalitetea kwa vipimo: msimbo wa mawasiliano ni malalamiko ya moduli moja juu ya nyingine, na malalamiko hayo si hukumu. Aliyelalamika huenda ni mzima kabisa, na aliyelalamikiwa huenda naye ni mzima lakini amekatiwa umeme, au nyaya zake zimeharibika mahali ambapo macho hayafiki. Fundi anayesoma msimbo huo na papo hapo kuagiza moduli mpya ameamua kesi baada ya kumsikia shahidi mmoja, na faini hulipwa na mteja.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachozungumza. Zamani kila swichi na kila kihisi kilikuwa na waya wake hadi pale kilipohitajika, na kadiri gari lilivyoongezewa vifaa ndivyo mafungu ya nyaya yalivyozidi unene na uzito. Kampuni ya Bosch ilianza mwaka 1983 kubuni mfumo ambao leo tunaujua kwa jina la CAN, ikautangaza hadharani mjini Detroit mwezi Februari 1986, na mwaka 1991 ukaonekana katika Mercedes-Benz W140. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11898 kilifuata mwaka 1993. Katika mfumo huu moduli nyingi huunganishwa kwenye jozi moja ya nyaya zilizosokotwa pamoja, CAN-H na CAN-L, na kila moduli hutangaza ilicho nacho ili yeyote anayekihitaji asikilize. Moduli ya breki ikishapima mwendo wa magurudumu, injini huisikia habari hiyo, giaboksi huisikia, usukani wa umeme huisikia, na dashibodi huitumia kuonyesha mwendo wa gari. Ndiyo maana moduli moja ikinyamaza, taa tano zinaweza kuwaka kwa mara moja, na mwenye gari akaapa kwamba gari lake lote limekwisha.

Misimbo yenyewe ina utaratibu unaojulikana. Herufi P ni ya injini na giaboksi, B ni ya bodi, C ni ya chesisi, na U ni ya mtandao. U0100 husema kwamba mawasiliano na moduli ya injini yamepotea, U0101 huihusu giaboksi, U0121 breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasifunge), U0140 moduli ya bodi, na U0155 dashibodi. Kundi linaloanza na U04, kwa mfano U0401, lina maana tofauti kabisa, na hapa nawaomba tusipite haraka. Kundi hili linasema kwamba ujumbe umefika, ila yaliyomo ndani yake hayaaminiki. Mtandao umefanya kazi yake, na kuzipima nyaya zake kutwa nzima ni kupoteza muda. Mara nyingi moduli ya injini imegundua kihisi kibovu, ikatangaza kwamba thamani yake si ya kutegemewa, na moduli ya breki iliyokuwa ikiitegemea thamani hiyo ikaandika U0401. Katafute msimbo wa P ndani ya moduli ya injini, uutengeneze huo, kisha ufute yote na uone kama U0401 itarudi.

Sasa tuangalie jinsi msimbo wa kundi la U01 unavyozaliwa, kwa sababu uchunguzi wote unaanzia hapo. Ujumbe muhimu katika mtandao wa CAN hurudiwa kila baada ya muda maalumu, mara nyingi milisekunde 10 au 20 kwa habari za injini na breki. Kila moduli inayosubiri ujumbe fulani ina saa ndani ya programu yake. Ujumbe usipofika kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na masharti mengine kama vile volteji ya kutosha yakiwa yametimia, moduli huandika kwamba imempoteza mwenzake. Haijui kwa nini. Haina njia ya kutofautisha fyuzi iliyoungua, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi na ncha hasi ya betri) iliyoshika kutu, waya uliokatika, na moduli iliyokufa kweli. Inachokijua ni kimya tu. Kwa hiyo mambo matatu ya kuuliza kabla ya kufungua boneti ni haya: nani ameuandika msimbo, anamlalamikia nani, na nani bado anaijibu mashine ya uchunguzi.

Ninawashauri wanafunzi wachukue karatasi, hata kama mashine yao ni ya bei ya juu na ina kioo kikubwa. Waandike majina ya moduli zote ambazo gari hilo linapaswa kuwa nazo, waweke alama kwa kila inayojibu, kisha mbele ya kila jina waandike inamlalamikia nani. Chukueni gari ambalo taa ya ABS inawaka, sindano ya mwendo imelala, na giaboksi imeng'ang'ania gia moja. Moduli ya injini inaandika U0121, ya giaboksi inaandika U0121, dashibodi nayo U0121, na moduli ya ABS haijibu inapoitwa. Mashahidi wote wanamtaja mmoja, naye mwenyewe hasemi. Hapa tunajua kwamba mtandao mkuu ni mzima, kwa sababu wengine wanaendelea kuzungumza, na tunajua pa kwenda: fyuzi ya ABS, umeme wake, ethi yake, kisha nyaya mbili za mtandao kwenye soketi yake.

Ubadilisheni mfano huo kidogo muone unavyogeuka. Ikiwa moduli ya ABS inajibu vizuri, na ni moduli ya injini peke yake iliyoandika U0121, basi ABS ilikuwa inasikika kwa wengine, na shaka inahamia kwa yule aliyelalamika: huenda ilikuwa hitilafu ya kitambo kidogo, huenda kiunganishi cha moduli ya injini kimelegea, au huenda programu yake haikulingana na ya mwenzake baada ya moduli mojawapo kubadilishwa na nyingine ya mtumba. Ikiwa orodha inagawanyika pande mbili, moduli za mbele zikizilalamikia za nyuma na za nyuma zikizilalamikia za mbele, na mashine inafikia upande mmoja tu, basi jozi kuu ya nyaya imekatika mahali fulani katikati. Hapo mchoro wa nyaya unakuwa na thamani kuliko chombo chochote mezani, kwa sababu unaonyesha kiunganishi kilichoko kati ya moduli ya mwisho inayojibu na ya kwanza iliyonyamaza. Na ikiwa hakuna hata moja inayojibu, usianze kuzituhumu moduli. Hakikisha kwanza kwamba mashine yako inapata umeme kwenye pini ya 16 ya soketi ya uchunguzi na ethi kwenye pini za 4 na 5, kwa maana fyuzi ya soketi hiyo ikiungua gari zima huonekana limekufa hali liko hai.

Kuna desturi moja ambayo siipendi hata kidogo, nayo ni kufuta misimbo yote mara tu gari linapoingia karakana, eti ili kuona ipi itarudi. Kufuta kuna nafasi yake, lakini huja baada ya kuhifadhi kila kitu: misimbo yenyewe, ikiwa ni ya sasa au ya zamani, idadi ya kilomita wakati ilipoandikwa kama gari linaihifadhi, na volteji ya betri wakati ule. Misimbo kumi ya mawasiliano iliyoandikwa kwenye kilomita ile ile, volteji ikiwa chini ya 9, inasimulia habari ya betri dhaifu iliyozidiwa na stata. Moduli mbalimbali huzimika kwa volteji tofauti kidogo, na ile inayobaki macho huanza kuwalalamikia waliozimika. Ukiisha kufuta, ushahidi huo haupatikani tena, na gari litarudi kwako asubuhi nyingine likiwa na orodha ile ile.

Nimeitaja betri kwa makusudi, kwa sababu umeme na ethi vinatangulia kila kipimo cha mtandao. Kupima volteji kwenye soketi iliyochomolewa hakutoshi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kwenye multimita, maana multimita haivuti mkondo wowote wa maana. Weka mzigo. Tumia balbu inayolingana na mkondo ambao saketi hiyo imekusudiwa kuubeba, iunganishe kati ya pini ya umeme na pini ya ethi, na uone kama inawaka kwa nguvu yake yote. Kisha, moduli ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi, pima volteji inayopotea kati ya pini yake ya ethi na ncha hasi ya betri. Mimi hukubali sehemu ya kumi ya volti. Ikizidi hapo nafuata waya hadi kwenye boliti ya bodi, na mara nyingi hapo ndipo rangi au kutu hukutwa imekaa kati ya chuma na chuma.

Umeme na ethi vikiwa sawa, tunaingia kwenye nyaya za mtandao. CAN ya mwendo wa kasi huwa na rezista mbili za omu 120, moja katika kila mwisho wa jozi kuu, na mara nyingi zimo ndani ya moduli mbili. Zikiwa sambamba, kipimo kati ya CAN-H na CAN-L huwa omu 60. Katika magari mengi jozi hiyo hufika kwenye pini za 6 na 14 za soketi ya uchunguzi. Zima gari, toa waya hasi wa betri, na uziache moduli zitulie kabla ya kupima, kwa sababu multimita inayopima ukinzani kwenye saketi yenye umeme hutoa namba ya uongo bila aibu. Ukipata omu 120, rezista moja haionekani: waya mkuu umekatika, au moduli yenye rezista imechomolewa. Ukipata karibu na sifuri, nyaya mbili zinagusana. Ukipata omu 40, kuna rezista ya tatu ambayo haikupaswa kuwepo, na hapo ulizeni kama kuna moduli isiyo ya gari lile au kifaa kilichoongezwa baadaye.

Lakini omu 60 hazimaanishi kwamba kila kitu ni kizima, na mafundi wengi husimama hapo mapema mno. Moduli isiyo na rezista ndani yake imeunganishwa na jozi kuu kwa tawi fupi tu la nyaya. Tawi hilo likikatika, jozi kuu haipotezi chochote, omu 60 zinabaki pale pale, na moduli ile inabaki kimya. Ni lazima uende kwenye soketi ya moduli yenyewe, uichomoe, na kupima kutoka upande wa nyaya: ukiziona omu 60 pale, nyaya mbili zimefika; usipoziona, tawi ndilo bovu. Vilevile, kuguswa kwa waya mmoja na ethi hakubadilishi ukinzani kati ya nyaya mbili. CAN-H ikigusa bodi ya gari, bado multimita itasoma omu 60 kati ya jozi, ilhali mtandao umekufa kabisa, kwa hiyo pimeni pia kila waya dhidi ya ethi na dhidi ya umeme wa betri.

Jambo jingine ni lango. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayaruhusu soketi ya uchunguzi kugusa mtandao wa injini moja kwa moja. Pini za 6 na 14 huishia kwenye moduli ya lango, ambayo ndiyo inayopitisha maswali kwenda mitandao mingine na kurudisha majibu. Katika gari kama hilo, omu unazozipima kwenye soketi ni za kipande kifupi tu kati ya soketi na lango, na hazikuambii lolote kuhusu kinachotokea nyuma yake. Someni mchoro wa gari husika kabla ya kuamini kipimo. Lango lenyewe likikosa umeme, moduli zote zinaweza kuonekana zimekufa ingawa injini inanguruma.

Baada ya ukinzani tunarudisha umeme na kuangalia volteji. Mtandao ukiwa umetulia, nyaya zote mbili hukaa karibu na volti 2.5. Moduli inapotangaza, CAN-H hupanda hadi karibu 3.5 na CAN-L hushuka hadi karibu 1.5, na wasikilizaji huangalia tofauti kati ya hizo mbili: ikizidi volti 0.9 wanaisoma kwa namna moja, ikiwa chini ya 0.5 wanaisoma kwa namna nyingine. Kelele ya umeme kutoka altaneta au mota huziingia nyaya zote mbili kwa pamoja, tofauti haibadiliki, na ujumbe unapita salama. Hiyo ndiyo kazi ya kuzisokota. Multimita itakuonyesha wastani tu, pengine 2.6 upande mmoja na 2.4 upande wa pili, na wastani huo unatosha kukuambia kwamba kuna mazungumzo. Hautoshi kukuambia kama mazungumzo ni safi. Kwa mwendo wa kilobiti 500 kwa sekunde, biti moja huchukua mikrosekunde 2, na kitu kinachopita kwa kasi hiyo kinahitaji osiloskopu, yaani chombo kinachochora volteji inavyobadilika. Weka njia moja kwenye CAN-H na nyingine kwenye CAN-L. Mchoro mzima una pembe za mraba, na upande mmoja hupanda kila upande wa pili unaposhuka. Ukiona CAN-L imenyooka bila kusogea huku CAN-H ikicheza, ukiona pembe zimelala kwa uvivu, au ukiona zote mbili zimevutwa karibu na sifuri, basi umekwisha kujua aina ya ubovu hata kabla ya kujua mahali ulipo.

Moduli yenye hitilafu ya kutuma ina tabia ambayo fundi akiijua humsaidia sana. Ndani ya kila moduli kuna kihesabu cha makosa: kwa kawaida kosa moja la kutuma huongeza 8, na ujumbe mmoja uliopita salama hupunguza 1. Kihesabu kikipita 127, moduli hukatazwa kuvunja ujumbe wa wengine. Kikipita 255, hujitoa mtandaoni kabisa. Gari linaloandika U0073, yaani msimbo wa mtandao kuzimika, kisha likapona lenyewe ukilizima na kuliwasha, na baada ya muda likarudia, lina moduli au kipande cha waya kinachopitia njia hiyo. Kama mtandao wote umeangushwa, chomoa moduli moja moja huku osiloskopu ikiendelea kuonyesha, ukianzia kwenye kiunganishi kikuu ambapo matawi hukutana, ili kwa kuchomoa mara moja uondoe matawi kadhaa. Mchoro ukirudi kuwa mzima baada ya kuchomoa, rudisha na uchomoe tena kuthibitisha. Halafu, na hili ndilo husahauliwa, tofautisha moduli na waya wake: uunganishe waya bila moduli, au pima tawi likiwa tupu, kwa kuwa shoti iliyo ndani ya waya huondoka vilevile ukilitenga tawi zima.

Kuhusu mahali pa kutafuta nitasema kwa ufupi. Maji huingia chini ya zulia na kukaa juu ya viunganishi hadi pini zibadilike kuwa kijani. Mafungu ya nyaya husuguana na chuma penye milango na kifuniko cha nyuma, kwa sababu hapo hukunjwa kila siku. Kengele za wizi, vifuatiliaji na redio zilizofungwa kwa kukata waya wa kiwandani ni washukiwa wa kudumu, na mimi huzichomoa kabla ya kugusa moduli yoyote ya asili. Ukitengeneza jozi ya CAN, zisokote tena hadi karibu kabisa na maungo, usiache nyaya zilizonyooka kwa urefu mkubwa, maungo ya nyaya hizo mbili yasikae mahali pamoja, na uzifunike zisiingie maji. Mitandao mingine, kama LIN yenye waya mmoja na mwendo usiozidi kilobiti 20 kwa sekunde, ina vipimo vyake. Msiipime kwa namba za CAN.

Je, moduli huharibika kweli? Huharibika. Lakini uamuzi wa kuibadilisha huja wakati umeme wake umethibitishwa chini ya mzigo, ethi yake imethibitishwa, nyaya zote mbili za mtandao zimefika kwenye pini zake zikiwa na ishara safi, na bado haijibu. Hapo pia kumbukeni kwamba katika magari mengi moduli mpya haifanyi kazi hadi iandikiwe namba ya gari na programu inayolingana, na kwamba moduli ya mtumba inaweza kuleta misimbo mipya ya U ambayo haikuwepo.

Ukiisha kutengeneza, futa misimbo, zima gari, lifunge, uiache mitandao yake ilale, kisha liwashe na uliendeshe hadi injini ipate joto, maana kiungo kilicholegea hupenda kuachia kikipata joto na mtikisiko. Ita moduli zote tena, si ile uliyoitengeneza peke yake, na ulinganishe na karatasi uliyoiandika mwanzoni. Mwisho pima mkondo unaovutwa kutoka kwenye betri gari likiwa limelala. Katika magari mengi hushuka chini ya miliampia 50. Usiposhuka, kuna moduli ambayo bado inawaamsha wenzake usiku kucha, na betri itakayochoka kwa sababu hiyo itaandika orodha mpya ya misimbo ya mawasiliano siku stata itakapoilemea.